Kwani jibini si jibini?

Mimi nimekuja kwenu leo nikiwa na deni. Si deni la fedha, ingawa fedha zimo ndani yake. Ni deni la neno. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyeumia kidole ni mtu mwingine.

Mtu huyo ni binti wa mdogo wangu, ambaye kwangu mimi ni mtoto wa kumzaa. Anakaa Magomeni, hapa hapa Dar es Salaam, na anajipatia riziki yake kwa kuoka keki nyumbani. Siku moja alipata mteja mkubwa. Mama mmoja alitaka keki mbili za jibini kwa ajili ya sherehe ya kumuaga bibi harusi. Binti yangu hajawahi kuoka keki ya jibini, akanipigia simu: "Shikamoo mama mkubwa. Eti keki ya jibini inatiwa jibini gani?" Mimi nilikuwa ndani ya daladala, kelele tele, konda anadai nauli. Nikamjibu kwa mkato: "Marahaba. Nenda duka kubwa, nunua jibini nzuri." Nikakata simu.

Akafanya kama nilivyomwambia. Alinunua jibini nzuri kweli kweli, ile ngumu ya manjano iitwayo cheddar, kilo moja na nusu, kwa fedha alizotangulizwa na mteja pamoja na akiba yake mwenyewe. Akaikwaruza, akaichanganya na mayai na sukari, akaitia kwenye oveni. Alipofungua mlango baada ya saa moja alikuta bwawa la mafuta limetuama juu, na chini yake mabonge ya kutafunika kama mpira. Alipoonja, chumvi na sukari zilikuwa zinagombana mdomoni. Mteja aliukataa mzigo na kudai fedha zake. Akiba ya miezi miwili ikaishia pale.

Jioni alikuja nyumbani kwangu. Hakunilaumu, maana amelelewa vizuri. Aliketi mkekani, akaniuliza swali moja tu: "Mama mkubwa, kwani jibini si jibini?"

Swali hilo ndilo limenileta mbele yenu leo, maana najua wako wengi wenye kuoka majumbani, wengine kwa riziki na wengine kwa kuwafurahisha watoto, ambao wangejikwaa pale pale alipojikwaa yeye. Kwa hiyo chukueni kalamu na karatasi, tulijibu pamoja.

Jibu langu ni hili. Ukimtuma mtoto sokoni na kumwambia "lete nazi", akakuletea dafu, je, utakuna tui? Na ukiwa na kiu, ukaletewa nazi kavu, utakunywa nini? Mti ni mmoja, tunda ni moja, lakini umri umeligeuza kuwa kitu kingine kabisa. Jibini nayo ni hivyo hivyo. Iko jibini ambayo ni dafu, na iko jibini ambayo ni nazi iliyokomaa. Keki ya jibini inataka dafu.

Hebu tutazame jinsi jibini inavyopatikana. Ndani ya maziwa mna maji mengi, na katika maji hayo mna mafuta na protini. Kutengeneza jibini ni kazi ya kuyatoa maji na kubakiza mafuta na protini. Kuna njia mbili kubwa za kuyagandisha maziwa. Ya kwanza ni uchachu, ama wa ndimu, siki au limau, ama wa bakteria wale wale wanaogeuza maziwa kuwa mtindi. Ya pili ni kimeng'enya ambacho tangu zamani hutolewa katika tumbo la ndama anyonyaye, na siku hizi hutengenezwa pia kwa vijidudu viwandani.

Maziwa yakishaganda, njia zinaachana. Ukiyachuja kwa kitambaa na kuyala katika siku chache, hiyo ni jibini mbichi: laini, nyeupe, yenye maji bado. Ukiyakata mabonge, ukayapasha moto, ukayatia chumvi, ukayashindilia kwa uzito na kuyaweka ghalani miezi kadhaa, hiyo ni jibini iliyokomaa. Tofauti yake inapimika. Sheria za vyakula za Marekani zinataka cheddar isizidi unyevu wa asilimia 39. Jibini laini ya malai, ile ya kupakaza kwenye mkate, inaruhusiwa unyevu mpaka asilimia 55, na lazima iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33.

Sasa, zote mbili zikikutana na moto zinatenda mambo mbalimbali. Jibini iliyokomaa huyeyuka na kuvutika nyuzi. Moto ukizidi, protini zake hujikunja na kuyakamua mafuta yatoke nje, ndilo lile bwawa aliloliona binti yangu. Jibini mbichi ya uchachu haina tabia hiyo. Ukiipiga vizuri na mayai na sukari inakuwa uji mzito, na moto wa pole unaufanya uji huo ushikane. Ukweli ni kwamba keki ya jibini si keki hasa. Ni kastadi iliyovaa nguo za keki. Kinachoishika ni yai, na jibini ni mwili na ladha yake. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Basi kabla hujatoa fedha yako dukani, iulize jibini maswali matatu, kama wazee wanavyomwuliza mposaji.

Swali la kwanza: una umri gani? Ikiwa ni ngumu, ya manjano, ya kukatwa vipande au kukwaruzwa, hiyo imekomaa, iache. Cheddar, gauda na parmesan zote zimo katika ukoo huo. Ndugu zangu mlioko Goma mnaijua jibini ya Masisi, ambayo ni tamu kwa mkate na ndizi, lakini nayo ni ya ukoo wa gauda, haifai kwa kazi hii. Motsarela ya pitsa haikai muda mrefu ghalani, lakini imekandwa katika maji ya moto makusudi ivutike nyuzi, kwa hiyo nayo iache.

Swali la pili: una maji kiasi gani? Jibini ya malai iliyofungwa kama tofali ni bora kuliko ile laini zaidi ya kwenye kikopo, ambayo mara nyingi imepigwa ijae hewa au kulegezwa ili ipakazike upesi. Maskarpone ya Waitaliano ina mafuta mengi sana, kwa hiyo ichanganye na nyingine. Rikota ina maji mengi kuliko zote. Ifunge katika kitambaa na uitundike usiku kucha ndani ya friji kabla ya kuitumia, la sivyo keki yako italia machozi.

Swali la tatu: una chumvi kiasi gani? Onja. Ile jibini nyeupe ya feta inayouzwa ndani ya maji ya chumvi haifai. Ndugu zetu walioko Maskati na nchi za Ghuba wanajua kwamba jibini yenye chumvi ya kutengenezea kunafa hulowekwa majini na maji yake kubadilishwa mpaka chumvi itoke. Dawa hiyo huondoa chumvi, lakini haiondoi umri. Na zile jibini za pembe tatu zilizofungwa karatasi za kung'aa, ambazo zimejaa madukani kwetu, zimepikwa kiwandani kwa chumvi maalumu za kuziyeyusha. Mpe mtoto aende nazo shule, usizitie kwenye keki.

Msidhani jambo hili ni la kisasa. Yuko Mrumi mmoja, jina lake Cato, aliyeandika kitabu cha kilimo katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na ndani yake mna keki za jibini. Moja ilikuwa na ratili 2 za jibini iliyopondwa kwenye kinu, ratili 1 ya unga na yai moja, ikawekwa juu ya majani na kuokwa pole pole mekoni chini ya chungu kilichofunikizwa. Kwa keki nyingine, ile ya tabaka tabaka, alitaka jibini ya kondoo isiyochacha na iliyo mbichi kabisa, na akaagiza ilowekwe majini mara tatu. Tazameni, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mzee yule alikwisha kuuliza maswali yangu kuhusu umri na chumvi. Na keki hiyo ya tabaka aliifunika kwa chungu cha moto, akaweka makaa juu na pembeni. Bibi zetu wa pwani hawakumsoma Cato, lakini mkate wa kumimina waliupalia makaa juu ya kifuniko vivyo hivyo.

Tangu hapo kila nchi imeoka kwa jibini mbichi iliyokuwa nayo. Waitaliano hutumia rikota. Wajerumani hutumia kwaki, ambayo ni maziwa ya kuchachishwa na kuchujwa. Wapolandi wana twarogu yao. Wamarekani walichelewa, jibini ya malai tunayoijua leo ilianza kutengenezwa huko jimbo la New York katika miaka ya 1870, na mfugaji wa Chester aitwaye William Lawrence ndiye anayetajwa zaidi. Mwaka 1880 jibini hiyo ikapewa jina la kibiashara la Philadelphia, si kwa sababu ilitoka huko, bali kwa sababu mji ule ulisifika kwa maziwa mazuri. Keki nzito ya New York imezaliwa na jibini hiyo. Na huko San Sebastián, Uhispania, mkahawa wa La Viña ulianza mwaka 1990 kuoka keki ya jibini isiyo na biskuti chini, kwa moto mkali mpaka juu ikawa nyeusi, nayo imepata sifa dunia nzima.

Somo ninalolipata ni kwamba hakuna aliyengojea jibini ya jirani. Kila mmoja alitazama maziwa yake mwenyewe. Nasi tunayo. Jibini ya malai inayoletwa kwa ndege au meli ni ghali, na anayeoka kwa riziki huona faida yote imeishia kwenye jibini. Lakini mtindi tunao, maziwa mgando tunayo, na majirani zetu Wahindi wa mjini tangu zamani hugandisha maziwa kwa ndimu wakapata paniri, na huchuja mtindi wakatengeneza shrikhandi. Mimi na binti yangu tulikaa jikoni siku mbili, tukajaribu, na hii ndiyo njia iliyotufaa.

Kwanza, mtindi. Chukua lita 1 ya mtindi mzito usio na sukari, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Nasisitiza neno hilo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata binadamu na kumpa homa isiyokwisha, na pia kifua kikuu. Wala moto wa pole wa keki usiutegemee kusafisha maziwa; chemsha mapema. Mimina mtindi katika kitambaa safi cha melimeli, funga, tundika juu ya bakuli ndani ya friji kwa saa 12. Utapata kama gramu 400 za jibini laini. Waarabu huiita labna.

Pili, maziwa. Chemsha lita 2 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Yakichemka, epua, tia maji ya ndimu vijiko vya chai 10 hivi, kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Ukiona mabonge yamejitenga na maji yamekuwa ya kijani hafifu, acha kutia ndimu. Ngoja dakika 10, chuja, suuza kwa maji safi yaliyochemshwa ili ukali wa ndimu upungue. Usiishindilie kwa jiwe kama paniri ya mchuzi. Iache ibaki na unyevu. Utapata kama gramu 300.

Mtindi peke yake ni laini lakini mchachu. Maziwa ya ndimu peke yake ni matamu lakini yana chenga. Ukizichanganya zinasaidiana. Ila mafuta bado ni haba, kwa hiyo tia malai, kiasi cha robo kikombe mpaka nusu. Malai ya boksi yanafaa, na yale unayoyaengua juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanafaa pia. Saga vyote kwa mashine mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Hapa usifanye haraka. Chenga uliyoiacha sasa utaikuta mdomoni.

Kwa chombo cha upana wa sentimita 20, saga biskuti gramu 200, changanya na siagi iliyoyeyushwa gramu 80, shindilia chini na weka pembeni ipoe. Kwenye jibini yako tia sukari gramu 150, kijiko kimoja kikubwa cha unga laini wa kastadi au wa ngano, ganda la limau lililokwaruzwa, na vanila kidogo. Mwisho tia mayai 3, moja moja, ukikoroga kwa mwiko na si kwa kupiga. Ukipiga unaingiza hewa. Hewa huinua keki ndani ya oveni, kisha keki huporomoka na kupasuka. Na vitu vyote viwe vimetoka kwenye friji mapema, maana jibini ya baridi hufanya madonge.

Zungushia chombo karatasi ya foili, kiweke ndani ya sinia lenye maji ya moto, uoke kwa nyuzi 150 kwa muda wa dakika 50 hadi 60. Kazi ya maji ni kulinda pembeni. Maji hayapiti nyuzi 100 hata moto uwe mkali namna gani. Usiyekuwa na oveni, tumia sufuria kubwa: weka vijiwe chini, maji ya kina cha kidole, chombo cha keki juu ya vijiwe, funika kwa sinia, palia makaa juu. Makaa machache chini, ya juu yazidi kidogo. Sinia likiwa la moto halitadondosha matone ya mvuke.

Ujuaje kwamba imeiva? Si kwa kuchoma kijiti kama keki nyingine. Tikisa chombo: pembeni pametulia, katikati panatetemeka kama maziwa mgando. Hapo zima moto, fungua mlango kidogo, iache humo saa nzima. Ukingoja mpaka katikati pakauke umechelewa. Yai limekaza mno, limekamua maji, na keki itapasuka. Kwa mwenye kipimajoto, nyuzi 65 hadi 70 katikati zinatosha. Kisha friji, usiku kucha. Usiikate mapema kwa pupa. Ukiiuza, mwambie mteja asiiache mezani zaidi ya saa 2 katika joto letu, na aimalize katika siku 3.

Keki yetu ya kwanza ilipasuka, maana mimi mwenyewe sikuwa na subira. Ya pili ilitoka nyeupe, imetulia, na kisu kilipita bila kukwama. Binti yangu alionja, akanyamaza kidogo, akasema: "Mama mkubwa, ningejua siku ile!" Yule mteja wake hajarudi, na huenda hatarudi. Lakini jirani aliyeonjeshwa kipande ameagiza moja.

Wasikilizaji, mtu akikuuliza jambo linalogusa riziki yake, usimjibu ukiwa na haraka ndani ya daladala. Mwambie "nitakupigia". Nami mtaji wa binti yangu nimemrudishia nusu. Nusu iliyobaki aliniambia niilipe kwa kuwaeleza ninyi, ili asipatikane mwingine wa kupoteza akiba yake kwa kuambiwa tu anunue jibini nzuri. Leo nimelipa.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tuonane tena. Kwaherini.